Mgeni wa Mlango wa Kaskazini

Sagesse alijibu kwa Kiswahili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mtoto huyu, mzaliwa wa Birmingham, alielewa kila neno la mama yake lakini siku zote alimjibu kwa Kiingereza. Jumatatu hiyo mama yake, Rosalie, alimwita aje ale ugali. Sauti ikatoka chumbani, tulivu: "Nitakula baadaye, mwenyeji wangu."

Rosalie alicheka kidogo. Kisha harufu ikamfikia. Chokaa mbichi, na mishumaa iliyotoka kuzimwa.

Harufu hiyo aliikuta jana yake. Ushirika wao wa Wakongo wa mtaa wa Erdington ulikuwa umeazimwa kanisa la kale, kijijini nje ya mji, kwa ajili ya ubatizo. Lilikuwa jengo la mawe mekundu, la miaka mia nane, lenye matao ya mviringo na paa la mwaloni lililofungamana bila msumari. Bibi mtunza kanisa aliwaonyesha mlango mdogo ukutani, upande wa kaskazini, uliozibwa kwa mawe. Zamani, alisema, mtoto akibatizwa mlango huo uliachwa wazi ili shetani apate pa kutokea. Baadaye watu wakauziba, waliotoka wasije wakarudi.

Wenzake walipokwenda kunywa chai, Rosalie alibaki akifagia, Sagesse akicheza miguuni pake. Kwenye mawe yale yaliyoziba mlango pakagongwa, polepole, kwa adabu. Na Rosalie, aliyelelewa Bukavu asimwache mtu mlangoni, akajibu bila kuinua kichwa: "Karibu."

Jumanne mtoto hakuamka. Hospitali hawakuona ugonjwa. Wakasema arudi nyumbani, aangaliwe. Jirani yao Jemima, muuguzi kutoka Kenya, alimpima joto, akapima tena, kisha akakificha kipimajoto kiganjani.

"Mama Sagesse," alinong'ona, "huyu mtoto ako baridi kuliko maiti. Na moyo bado unapiga."

Mchungaji wao, Ignace, alifika saa kumi alasiri, giza la mapema la majira ya baridi likianza kuingia. Aliweka mkono juu ya paji la mtoto akakemea, akaomba, akakemea tena mpaka sauti ikamkauka, na kadiri alivyokemea ndivyo midomo ya Sagesse ilivyogeuka rangi ya jivu, na vumbi la chokaa likamdondoka kwenye kucha, likatanda shukani, likapanda shingoni, huku kifua chake kidogo kikiinuka kwa shida kama kilichoegemewa na ukuta mzima.

"Usinipigie kelele, pasta," ile sauti tulivu ikasema kinywani mwa mtoto. "Mimi si mwizi. Niligonga, nikakaribishwa. Kwenu mgeni hufukuzwa?"

Ignace akauondoa mkono wake.

Rosalie akapiga magoti. Akamwambia achukue nyumba, amchukue yeye mwenyewe, chochote, ila amwache mtoto.

"Mtoto ndiye chumba changu," ikasema. "Na chumba hiki kinakaribia kuisha."

Ndipo Rosalie akainuka, akatoka mbio hadi bustanini nyuma ya nyumba, alikopanda lengalenga, mchicha wa kwao, kila kiangazi, akarudi na jembe lenye udongo uliogandia. Akaliweka kifuani pa binti yake.

"Kwetu mgeni ni siku mbili," alisema. "Leo ni ya tatu. Shika jembe, ukalime."

Vidole vya Sagesse vikajikunja kwenye mpini, vikakaza, vikauachia. Jembe halikuwepo tena. Mtoto akapiga chafya, akalia, akataka maji, na mashavu yake yalikuwa ya moto. Jemima akalia naye. Ignace akaketi sakafuni.

Rosalie alikuwa wa kwanza kusikia. Chini ya mbao za sakafu, chini ya kitanda, kitu kilikuwa kikichimba. Alimnyakua mtoto akaenda naye sebuleni. Mchimbaji akahamia sebuleni. Rosalie akaenda jikoni, udongo ukaanza kupasuliwa chini ya nyayo zake, taratibu, kwa bidii ya mtu anayetaka kumridhisha mwenyeji.

Alikuwa amempa mgeni jembe. Hakumwonyesha shamba.