Noti za Rais Aliyestaafu

Mwaka 1998, kijijini Mkunya, wilayani Newala, Dominika alikuwa na jambo moja tu moyoni: mabati. Paa la bati hukinga maji ya mvua, na huko maji hutafutwa kwa miguu na jasho. Fedha za kuyanunulia alikuwa nazo, kopo zima, za korosho za msimu uliopita.

Asubuhi moja mumewe, Pancras, alirudi mbio kutoka gulioni.

"Mama Julia, tumekwisha! Mrisho, yule mnunuzi wa korosho, anasema noti zenye sura ya rais aliyestaafu zimekufa. Eti anatuonea huruma, anazibadilisha kwa nusu."

Nusu! Nusu ya fedha ni nusu ya paa, na nusu ya paa haifai hata kwa kuku. Dominika alichukua kopo lake, lakini hakwenda kwa Mrisho. Alikwenda kwa Ethel, mwalimu wake wa kisomo cha watu wazima.

"Shikamoo, Mama Julia."

"Marahaba, Mwalimu. Eti noti hizi zimekufa?"

"Soma mwenyewe hapo juu."

Dominika alifuata herufi kwa kidole. "Be-nki... Ku-u... ya Ta-nza-ni-a."

"Umeona? Sura ni ya heshima tu. Noti ni ya Benki Kuu. Rais akiondoka, noti inabaki halali mpaka benki yenyewe itangaze kuiondoa. Ukiwa na shaka, kaulize benki, usimuulize mnunuzi."

Gulioni watu walikuwa wamepanga foleni. Mrisho alikuwa akiwapa noti mpya, zenye kichwa cha twiga.

"Baba," Dominika alimwambia Mrisho kwa sauti, "hizi zako zina twiga. Twiga akifa, nazo tutazizika?"

Watu waliangua kicheko. Dominika akawasomea noti ya zamani, kisha ya twiga. Maneno yalikuwa yale yale: Benki Kuu ya Tanzania. Foleni ikavunjika. Waliokwisha kubadilisha walimzunguka Mrisho wakidai haki yao, naye akawarudishia, jasho likimtiririka.

Siku hiyo hiyo muuza mabati wa Newala mjini alizipokea noti za Dominika bila swali. Pancras alijisifu njia nzima kwamba mke wake anasoma.

Mvua ya kwanza ilipiga bati kwa kishindo. Pipa lililokinga maji ya paa likajaa, likafurika. Pancras akakimbilia ndoo.

"Baba Julia," Dominika alisema huku akicheka, "acha yamwagike!"