Neli Isiyo na Ini

Jumatano moja, saa nne asubuhi, katika bucha la soko la Majengo, walibaki wateja wawili na ini moja.

Kulia kwa ini hilo alisimama Elieth, gauni la kitenge cha njano, vumbi la Dodoma limempaka miguu hadi magotini. Kushoto alisimama Yotham, shati jeupe lililopigwa pasi kwa heshima zote, maana alikuwa hajajua siku hiyo itaishaje. Wote wawili wakasema "Nipe hilo" kwa wakati mmoja. Muuza nyama, mtu mwenye busara zake, alikita shoka kwenye gogo akarudi nyuma hatua mbili.

"Kaka, nimetangulia."

"Dada, mimi nimekutangulia kutangulia."

"Achia."

"Nitaachiaje na umenishika mkono?"

"Nimeshika ini. Mkono wako ndio umejipendekeza."

Historia itakumbuka kwamba Yotham ndiye aliyevuta kwanza. Elieth akamkanyaga kwa kisigino. Yotham akavuta tena. Elieth akamuuma kidole gumba, akauma kwa dhati, kama mtu aliyefunga siku tatu. Ini likawaponyoka wote, likapaa juu ya mizani, likatua kifuani kwenye lile shati na kuteleza taratibu hadi kwenye mkanda, likiacha njia nyekundu. Akina mama wauza mboga ya mlenda waliacha biashara wakasogea, wasije wakapitwa na maiti.

"Ini lenyewe unalipeleka wapi mpaka unakula watu?" Yotham aliuliza, damu ya kidole ikichuruzika.

"Chuoni. Nalisaga, nalimwagia peroksaidi, napima povu."

Yotham alifuta kidole kwenye shati. "Kwa Madamu Anastazia?"

"Huyo huyo."

"Jinsi asidi inavyoathiri vimeng'enya?"

"Nani kakwambia?"

"Mimi niko mkondo A. Jaribio ni hilo hilo."

Muuza nyama alilipasua ini katikati kwa pigo lililotikisa banda zima, akampa kila mmoja nusu. Bajaji ilipofika chuoni Miyuji, nusu zote mbili zilikuwa zimeshahamia mfuko mmoja.

Chuo chao cha ualimu kiliwataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wabuni wenyewe jaribio la mada waliyopewa, wawili wawili, na kulitetea mbele ya jopo baada ya wiki tatu. Elieth alikuwa ameshafeli mwaka uliotangulia. Alimwambia Yotham ukweli huo siku ya kwanza, akiponda ini kwenye kinu kana kwamba lina kesi naye.

"Nikifeli tena wananiondoa. Hakuna mara ya tatu."

"Hutafeli. Uko na mimi."

"Ndicho kinachonitisha."

Wakapanga neli tano za kioo. Kijiko kimoja cha ini kila neli, peroksaidi kiasi kile kile, joto lile lile. Kilichobadilika kilikuwa uchachu tu. Neli ya kwanza ilitiwa ndimu tupu, ya mwisho magadi tupu. Kwa ile ya katikati Yotham alichanganya ndimu na magadi humo humo ndani, hadi karatasi za litmasi zikakataa kubadili rangi. Povu la katikati lilipanda, likafika mdomoni, likamwagikia meza. Yotham alicheza.

Mapenzi nayo yalipanda vivyo hivyo, tena bila kupimwa kwa rula.

"Haloo, ini langu."

"Nambie, nyongo yangu."

"Umekula?"

"Nimekula ugali na mlenda. Wewe?"

"Mimi nakuwaza tu."

"Hicho si chakula, Yotham. Nenda ukale."

Kasoro ilikuwa moja. Yotham alikuwa na ngumi za karibu. Wiki ya pili alimshusha dereva wa bajaji kwa ukosi, akampiga makofi mawili barabarani, kwa kosa la kumwita Elieth "mtoto mzuri". Elieth alitembea kwa miguu hadi nyumbani, mbele yake, bila kugeuka.

Jumatatu ya wiki ya mwisho akasema, "Tunahitaji neli moja isiyo na ini. Vingine vyote viwemo."

"Ya nini? Bila ini povu litoke wapi?"

"Ndiyo tuone kama halitoki."

"Yaani huniamini."

"Nakuamini wewe. Povu lako ndilo siliamini."

Yotham alitoka, akaupiga mlango wa maabara teke lililoacha tundu. Mlango haukuwa na hatia yoyote.

Elieth alilifanya jaribio hilo peke yake. Ndimu, magadi, peroksaidi, bila chembe ya ini. Povu likapanda. Akarudia mara tatu, likapanda mara tatu. Ndimu na magadi vilikuwa vikigombana vyenyewe na kutoa povu lake, na ini lilisingiziwa sifa. Vipimo vya wiki mbili na zaidi vilikuwa takataka.

Akafikiria kumwambia Yotham. Akautazama mlango. Akaenda kwa Jordan, fundi wa maabara, mtu mpole anayeimba besi kwaya ya kanisani. Jordan alimtengenezea chupa tatu za dawa, kila moja na kiwango chake cha uchachu kisichoyumba wala kutoa povu.

Alhamisi mchana simu ikaita.

"Uko wapi, ini langu?"

"Niko sokoni. Nanunua nyanya."

"Mbona sisikii watu?"

"Wamenyamaza."

Soko la Majengo kunyamaza saa saba mchana ni jambo linalohitaji uchunguzi, na Yotham aliufanya kwa mbio hadi maabara. Alipochungulia kwenye lile tundu la mlango alimwona Jordan amemshika Elieth kiganja, akimwelekeza kudondosha dawa tone moja moja.

Ngumi ya kwanza ilimpata Jordan mdomoni, ikatoa mlio wa muwa unaovunjwa. Ya pili ilimtupa kwenye rafu. Chupa tatu za dawa zilianguka zote, zikapasuka, vioo vikaruka hadi dirishani. Elieth alimkaba Yotham shingo kwa nyuma, akavuta shati likachanika. Yotham akainua mkono kwa ngumi ya tatu, na chupa ya peroksaidi iliyokuwa ikiyumba ukingoni mwa rafu ikamvunjikia juu ya vidole. Ngozi ikageuka nyeupe, ikaungua. Akapiga ukelele.

Jordan alitema jino kiganjani, akalitazama kama mwalimu anayekagua daftari.

"Zile zilikuwa dawa zangu za kesho," Elieth alisema. Hakupaza sauti. "Povu lako lilikuwa la ndimu na magadi. Ini halikuhusika. Nimekuja kurekebisha kimyakimya ili usiaibike."

"Elieth..."

"Usinipigie tena simu."

Ijumaa saa moja asubuhi Yotham alisimama mlangoni kwa Madamu Anastazia, mkono umefungwa bendeji.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Mkono huo umefanya nini?"

"Umempiga Jordan na kuvunja dawa za Elieth. Vipimo vya kwanza nilikosea mimi, yeye ndiye aliyegundua. Naomba apewe muda hadi mchana."

"Unajua unachojitafutia wewe mwenyewe?"

"Najua."

Alisimamishwa mwaka mmoja kabla chai ya madamu haijapoa. Jordan, mdomo umevimba kama andazi, alichanganya dawa upya. Kwa ajili ya Elieth, alisisitiza, si kwa ajili ya mnyama yeyote.

Saa tisa Elieth alisimama peke yake mbele ya jopo. Kwenye asidi povu lilikuwa chini ya nusu sentimita. Katikati, saba. Kwenye besi, tatu. Neli tatu zisizo na ini zilikaa kimya, na hizo ndizo Madamu Anastazia alizozitazama muda mrefu kuliko zote kabla ya kuandika alama.

Yotham alikuwa getini na begi lake.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu. Madamu amenieleza uliyomwambia. Na wewe?"

"Naenda Kibaigwa. Mjomba ananunua mahindi kule, nitapakia maroli."

"Nakupenda, mjinga wewe," Elieth alisema. "Lakini mtu ninayeogopa kumwambia ukweli wa povu, nitamwambiaje ukweli wa nyumba? Kila jioni utaniambia umempiga nani. Zikifika siku thelathini mfululizo hujapiga mtu, nitakuja."

"Leo?" Elieth akauliza kwa simu wiki ya kwanza.

"Dalali mmoja. Nilimsukuma tu."

"Alianguka?"

"Kwa uzembe wake."

"Anza upya."

Alianza upya mara sita. Ilipita miezi minne kabla siku thelathini hazijatimia.

Siku Elieth aliposhuka kwenye basi Kibaigwa, gauni la zambarau, nywele zimesukwa upya, Yotham akimngoja kando, kijana mmoja alilidaka begi lake hata kabla mguu wa pili haujagusa ardhi.

"Mrembo, twende zetu. Achana na huyo mbeba magunia."

Ngumi ya Yotham ikajikunja. Alianza kuhesabu magunia kwenye roli lililokuwa mbele yake. Alipofika la kumi na nne, vidole vilifunguka kimoja kimoja.

"Kaka," alisema, "naomba begi la mwenzangu."

Kijana alicheka na kulivuta zaidi. Elieth akalinyakua kwa mikono miwili, akalizungusha, na begi lenye vitabu vitatu vya kemia likamkuta jamaa sikioni. Alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

Yotham alibaki mdomo wazi. "Elieth, si tulikubaliana?"

"Ulikubali wewe." Akamkabidhi begi abebe. "Mimi nilikuwa nahesabu tu. Haya, nipeleke nikamwamkie mjomba, umuulize lini ataleta barua ya posa kwetu."