Kofi la Pili

Jua likiwa utosini, wagonjwa wa nje wameshakwenda zao, Moza mpishi alisikia mtu akizabwa makofi katika chumba cha watoto. Aliacha mwiko ndani ya sufuria ya uji akaenda kuchungulia. Mize, binti aliyeletwa jana kutoka Kengeja, alikuwa amekaa peke yake kitandani, mikono juu ya mapaja, ametulia tuli. Makofi yaliendelea kulia chumbani, na hapakuwa na aliyepiga wala aliyepigwa.

"Bi Mwatum," Moza alimnong'oneza nesi, "yule ntoto hayuko peke yake mule."

Mwatum alicheka. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na Pemba nzima hapakuwa na nesi aliyesomea maradhi ya akili ya watoto. Mtoto aliyefadhaika alichapwa, na asipopona kwa kuchapwa alifungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Mwatum alikuwa amemwandama Daktari Jamnadas mpaka akapewa chumba kimoja nyuma ya zahanati hii ya Mgogoni, na akakiwekea sharti lake: humu hapigwi mtoto. Daktari alimwahidi kwamba akifaulu, atapelekwa Uingereza kuisomea kazi hiyo. Safari ile aliitaka kwa roho yake yote, na mimi simlaumu, maana nani asiyependa kupanda?

Jioni ile ile Mize alimrukia Moza akamng'ata sikio, akabaki na kipande mdomoni, akakitafuna. Walipomshika na kumviringisha blanketi, sauti nene ya mwanamume ilitoka kwenye koo lake jembamba.

"Nipige, Mwatum. Mkono mzuri huo, waufanyia n'ni? Nipige."

Hakumpiga. Alikaa naye sakafuni, akamshikilia, huku chumba kikinuka nywele zinazoungua.

Barazani alikuwepo Nyange, baba wa binti, analia. Hilo nalo lilikuwa jambo la kushangaza. Kengeja nzima ilimjua Nyange, mtu aliyewahi kumvunja punda taya kwa ngumi, na sasa alikuwa akijifuta machozi kwa pindo la shuka. Ni yeye aliyemwita Bi Mwanakhamis, mganga. Bibi yule alifika asubuhi, akanusa viganja vya Mize, ambavyo vilikuwa vya moto wakati mwili wote ni baridi, kisha akamgeukia baba mtu.

"Nani kampiga nani mwisho?"

"Mimi nilikuwa nanchapa kila siku, bibi," Nyange alisema kwa sauti ya chini. "Hata sijui kwa n'ni. Siku moja yeye kachukua mchi kanitandika. Nikaanguka, kanitandika tena niko chini. Nikainuka nimepona. Yeye ndiye kainuka vile."

Bi Mwanakhamis alimvuta Mwatum pembeni. "Jini huyu hatoki kwa fimbo, mwanangu. Yuwapanda juu ya hasira. Ntu akimpiga kiti wake, yule aliyempanda, kwa hasira, basi yeye ndiye kiti kipya. Nipe mpaka Ijumaa nkachume dawa zake. Na asimpige ntu."

"Humu hapigwi mtoto," Mwatum alijibu, kwa majivuno kidogo.

Lakini jini alikuwa amesikia. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kumtafutia Mwatum hasira. Alimmwagia uji wa moto kifuani, akamchania sare aliyoishona kwa mshahara wake, akamtukania mama yake aliyekufa, kwa jina. Mwatum aliomba dua, akauma midomo, akavumilia. Nasema kweli, wengi wetu tusingefika hata jioni ya kwanza.

Alhamisi, tena jua likiwa utosini, Moza alipiga ukelele. Mwatum aliingia mbio akamkuta Mize amemkamata Duni, mtoto mdogo asiyesema wa kitanda cha pili, amemkaba koo kwa mkono mmoja na kumbamiza ukutani, akamvuta na kumbamiza tena, na kuta zote zikilia makofi, na harufu ya nywele zinazoungua ikimkaba mtu pumzi, na Mwatum akamshika binti kiuno akavuta, akapigwa kichwa cha uso pua ikavunjika, akavuta tena huku damu ikimwingia mdomoni, na macho ya Duni yakageuka yakawa meupe, na ile sauti nene ikicheka, "Nipige, nesi, nipige, au nimmalize," mpaka Mwatum akainua mkono akamzaba.

Mize aliachia. Duni alianguka, akakohoa, akavuta pumzi. Binti wa watu alikaa chini, uso wake ukiwa uso wa mtoto, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nisamehe, nesi."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini Mwatum aliyaona yote kwa pamoja, pua yake, sare yake, mama yake, na safari ya Uingereza ambayo kitoto hiki kilitaka kuiharibu. Akampiga tena.

Kofi la kwanza lilimwokoa Duni. La pili lilikuwa la Mwatum mwenyewe, na lilikuwa tamu.

Kuta zilinyamaza. Viganja vya Mize vilipoa, na vya Mwatum vikaanza kuchoma.

Ijumaa Bi Mwanakhamis alimkuta Mize anakula uji na kucheka na baba yake. Hakufungua hata furushi lake la dawa. Aliushika mkono wa Mwatum, akauachia haraka.

"Umempiga mara ngapi?"

"Mara moja," Mwatum alidanganya.

"N'naweza kumtoa, lakini kwako wewe ni kazi ya miaka. Na miaka hiyo usikae na ntoto, hata mmoja. Kauguze wazee. Akikosa ntoto wa kumchapa, jini huyu hulegea."

Mwatum alilia kweli, na alikusudia kweli kuacha. Alikuwa anavua kofia yake ya unesi gari la Daktari Jamnadas liliposimama nje. Daktari alimtazama Mize kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Mwatum, jambo kama hili sijaliona. Mwezi ujao unapanda meli. Ukirudi, watoto wote wa kisiwa hiki watakuwa chini yako."

Bi Mwanakhamis alimkazia macho. Mwatum aliirudisha kofia yake kichwani.

"Ahsante, daktari."

Alirudi mwaka wa sitini na mbili, na cheti, akapewa nyumba nzima badala ya chumba. Huko Uingereza mkono wake ulifanya n'ni, hakuna aliyeuliza. Sifa zake zilienea mpaka Vitongoji, na ni kutoka huko alikoletwa mgonjwa wa kwanza wa nyumba hiyo, mtoto wa kike aliyekuwa hanyamazi.

"Mwache hapa, mama," Mwatum alisema kwa upole. "Kwangu watoto hutulia."

Alimpungia mama mtu mpaka akapotea njiani. Kisha alikunja mkono wa sare yake, akamwambia Moza afunge mlango, na Moza, aliyekuwa anajua kila kitu, akaufunga.