Aliyemgeuzia Mama Mgongo

Foleni ya mpaka wa Kavimvira, wa kuingia Burundi, asubuhi ya Jumatatu haina adabu. Wauza nyanya, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa Bujumbura, wote husukumana mbele ya dirisha moja la mihuri. Siku hiyo Olga alikuwa katikati yao, kikwembe cha bluu chenye maua ya njano, kilemba kirefu kichwani, anakwenda kutafuta wino wa mashine. Alikuwa na miaka thelathini na sita na kiofisi cha kuchapa barua karibu na soko la Mulongwe. Mtaa mzima ulimletea siri zake azichape. Yake mwenyewe hakuwa na wa kumwambia.

Nyuma yake alisimama mwanaume mrefu mwenye sare ya kijani, kofia pana, darubini kifuani.

"Papa, hiyo darubini ni ya kuangalia kama muhuri iko inakuya?" Olga akamtania.

"Hapana, mama. Ni ya kuangalia viboko. Lakini tangu saa moja niko naangalia kilemba yako tu, maana imefunga njia yote."

"Basi kiboko ni minye mwenyewe?"

"Kiboko hanaga maneno mingi namna hii."

Olga akacheka, na kicheko hicho kilimshangaza mwenyewe, kwa maana hakikuwa kimetoka siku nyingi.

Jina la mwanaume lilikuwa Jean-Berchmans, mwongoza wageni katika hifadhi ya Ruzizi, pale ng'ambo ambapo mto unagawanyika kabla ya kuingia ziwani. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na alitoka kumsalimia dada yake Luvungi. Walipofika dirishani, namba za simu zilikwisha kubadilishwa.

Tangu hapo, kila jioni Olga alisimama kwenye dirisha la nyuma, pembe pekee ya nyumba ambapo mtandao wa Burundi ulishika.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula ndagala na ugali. Na weye?"

"Minye niko na wageni wangu. Sikiliza."

Jean-Berchmans huielekeza simu mtoni, Olga akasikia viboko wakipumua majini, pumzi nzito, kama mzee anayeweka mzigo chini. Chumba cha pili mama yake, Domitille, alisali rozari peke yake. Katika nyumba ile ya wanawake wawili, pumzi hizo ndizo zilikuwa mgeni wa pekee.

"Dimanche, siku ya misa, ukuye ujionee," Jean-Berchmans akasema wiki ya tano. "Nitakuonyesha hata nzohe, ule swala wa matopeni. Ni wachache wanaomuona."

Olga akaenda, na bila kumwambia Jean-Berchmans akamchukua mama yake. Aliona ni vizuri wafahamiane. Mama Domitille alivaa kikwembe cha Pasaka na viatu vya kufunga, akashika mkoba wake kwa mikono miwili njia nzima.

Jean-Berchmans alikuwa kwenye kibanda cha tikiti. Alimwona Olga, akatabasamu. Akamwona mwanamke mzee nyuma yake. Olga akatamka, "Huyu ni mama yangu," na hapo mwanaume yule akashusha kofia mpaka puani, akageuka mgongo, akapita nyuma ya kibanda kama mtu aliyeona nyoka. Punde akaja mwenzake, Irambona, kijana mwenye aibu usoni.

"Jean-Berchmans anasema niwatembeze minye."

Walitembezwa. Waliona viboko kumi na tatu, mamba aliyelala mdomo wazi, ndege weupe wasiohesabika. Olga hakuona kitu. Alichokiona ni sare ya kijani mbali nyuma ya mafunjo, ikiwafuata kwa mbali, ikijificha kila mama yake alipogeuka.

"Mama, uliona vile alifanya?" aliuliza ndani ya taksi.

"Niliona," Mama Domitille akajibu, akaangalia ziwa.

Jioni ile simu ililia mara tisa. Olga akaifungia namba. Mtu anayemdharau mama yake hana la kumwambia.

Miezi saba ikapita. Mvua zilikuja, zikaenda. Olga alichapa barua za watu, akarudi, akala, akaosha sahani mbili. Dirisha la nyuma hakulifungua tena. Wakati mwingine siku nzima iliisha bila neno kati yake na mama yake ila "asante" na "lala salama".

Jioni moja Mama Domitille akaweka rozari mezani.

"Olga, kwetu Bwegera, mpaka Luvungi, mwanaume akikutana na mama ya ule anataka kuoa, anageuza uso. Hamuangalie, hapite karibu yake, hakule mbele yake. Njo heshima. Ule bwana alinifanya mukwe mbele ya batu bote."

Olga alikulia shule ya bweni ya masista kule Kalemie. Hayo hakuna aliyemfundisha.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua tangu aliposhusha kofia."

"Miezi saba?"

"Nilisema, ukienda, nitabaki na nani? Sasa haukuenda, na bado sina muntu."

Olga hakulala vizuri. Kulipokucha alivuka mpaka, akanunua tikiti kama mgeni yeyote. Jean-Berchmans alimpokea kama mgeni yeyote.

"Upande wa kushoto, madame, ni ndege mwari. Mbele, viboko."

"Kwa nini haukunielezea?"

Akasimama. Alikuwa amekonda. "Heshima ya mukwe haielezewe. Nilizani unajua. Siku ile minye nilikuposa, Olga. Ulipofunga simu, nikajua umekataa."

"Sikujua. Mama alijua, akanyamaza. Anaogopa kubaki peke yake."

Kiboko mmoja akazama. Jean-Berchmans akaangalia mahali pale mpaka maji yakatulia.

"Basi hawezi kunipatia weye."

"Umuulize mwenyewe."

"Siwezi kusema naye."

Olga akatoa simu, akampigia mama, akaweka sauti wazi, akaishika katikati yao. Jean-Berchmans akaigeuzia simu mgongo.

"Mwambie mama namuamkia," akasema.

"Mwambie nimeitika," ikajibu simu.

"Mwambie sitaki kumunyanganya mutoto."

"Mwambie mutoto iko na miaka thelathini na sita. Nani anamunyanganya?"

"Muulize atakaa na nani."

Olga akaangalia kama mtandao umekatika.

"Mwambie," sauti ya Mama Domitille ikarudi, ndogo, "nyumba yangu iko na milango mbili. Akuwe anakuya. Yeye aingie na ule wa mbele, minye nitatokea ku ule wa nyuma. Tutaishi hivyo. Nitasikia miguu yake, nitajua iko muntu."

Jean-Berchmans akavua kofia, akaishika kifuani, mgongo wake bado umeielekea simu.

"Mwambie mbele ya kuingia nitakohoa, ajue nimefika."

Kisha, kutoka ng'ambo ya mpaka, mama mtu akakohoa taratibu, kama anayejaribu sauti.