Viraka vya Sufi Chini ya Mizinga

Kila asubuhi mama mfuga nyuki alifungua dirisha la jikoni, akautazama msitu kabla hata ya kuwasha moto. Nyuki wake walipata chakula huko. Msitu ungekufa, na wao wangehama.

Sasa matawi yalikuwa matupu kama fagio lililochakaa. Na mvua ilikuwa inanyesha!

"Miti haipukutishi majani wakati wa mvua," alimwambia mumewe. "Hapa kuna mkono wa mtu."

"Wa nani?"

Akainua kidevu kuelekea karakana ya jirani. Seremala alikuwa anapiga randa huku akiimba.

"Mti mkavu ndio unaoruhusiwa kukatwa. Nani atafurahi ukikauka?"

"Mke wangu! Si yeye aliyetutengenezea kitanda?"

"Na msumari wake ukanichana. Simwamini tangu siku hiyo."

Basi akaanza upelelezi. Seremala akinunua kopo la rangi, mama aliona sumu. Akipita karibu na msitu, macho ya mama yalimsindikiza. Viwavi wenye manyoya aliwaona mitini, lakini hakuwajali. Viwavi, alijiambia, wapo kila mwaka.

"Shemeji, habari za asali?" seremala alimsalimu.

"Nzuri," alijibu kwa shingo upande.

Siku moja akaja bibi misitu kukagua miti. Mama akamvuta kando.

"Dada, njoo nikuonyeshe mhalifu."

Karakanani, bibi misitu alipindua mbao, akafungua makopo, akachungulia chini ya meza. Hakuona kitu. Walipotoka, akasimama mbele ya mizinga ya mama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilinunua mwaka jana, mitupu, ng'ambo ya milima. Mwenyewe alikuwa anaacha kufuga."

Bibi misitu akainama, akatazama chini ya mzinga. Palikuwa na viraka vya rangi ya mchanga, laini kama sufi.

"Na hivi?"

"Hivyo? Mwenyewe aliziba nyufa, baridi isiingie. Sisi wafugaji hatuzibui palipozibwa."

"Mama, haya ni mayai ya nondo wa kigeni. Jike huyafunika kwa manyoya ya tumbo lake. Kiraka kimoja kina mamia ya mayai. Viwavi wakitoka, hupanda miti na kula majani. Mti unaweza kuchipua tena. Ukiliwa mwaka baada ya mwaka, unadhoofika, kisha unakufa."

"Kwa hiyo nimewaleta mimi?"

"Bila kujua. Viraka hivi vyenye vitundu vimeshaanguliwa. Hivi vizima vinasubiri msimu ujao."

"Nipulizie dawa leo leo!"

"Ukipulizia ovyo utaua nyuki wako. Vaa glavu, maana manyoya haya huwasha. Kwangua kwa kisu butu, na mayai yasidondoke chini. Yaloweke siku mbili kwenye maji ya sabuni, ndipo uyatupe."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, randa mkononi.

"Shemeji, sumu yangu imeonekana?"

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. "Fundi, nimekudhania vibaya. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukinipa kisu. Mikono hii imezoea kukwangua."

Mume naye akaleta ndoo. Wakamaliza mizinga, wakaingia msituni. Majirani wakawafuata, wakikagua magome, mawe na kuta. Mvua zilizofuata, viwavi walikuwa wachache. Miti mingi ilivaa majani, na nyuki walirudi miguu ikiwa ya manjano kwa chavua.

Siku hizo seremala alimletea mama kiti cha zawadi, alichokinunua safarini. Kabla ya kushukuru, mama akakipindua miguu juu, akakikagua kila pembe.

"Shemeji! Bado huniamini?"

"Wewe nakuamini, fundi," alijibu, akipitisha kidole kwenye ufa. "Kiti ndicho sijakiamini."