Jina Lililokatwa Pietrafosca

Mwalimu Incoronata Lasalvia alitoka jikoni akakuta, kwenye karatasi alizoziacha mezani, jina la ukoo wake limekatwa tena kwa mstari mmoja mnene.

"Donato! Umeshika karatasi zangu?"

"Mimi, dada? Na huu mwandiko wangu wa kuku? Niache nilale."

Ilikuwa saa ya jua kali, saa ambayo mji mzima wa Pietrafosca hufunga madirisha na kulala, maana ndiyo saa ya mizimu kutembea. Incoronata hakuwa na nafasi ya kulala. Jioni ile kitabu chake cha historia ya mji kilitakiwa kwa mchapishaji, na siku ya nne sasa sentensi ya kwanza ilikuwa imemshinda: mji ulianzishwa na familia saba zilizokimbia tauni, ya kwanza kati yao Lasalvia. Kwa sababu hiyo akina Lasalvia ndio hubeba bendera ya mtakatifu wa mji. Alikuwa amewafundisha watoto hivyo miaka thelathini.

Akaandika upya, akikandamiza kalamu. Harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumbani. Alipopepesa macho, jina lilikuwa limekatwa.

"Umenichosha!" akafoka. "Kama si Lasalvia, basi njoo useme ni nani!"

Kelele zile zilimleta Bi Vitina, jirani yao mganga, na sahani yake ya maji. Akadondosha mafuta majini, kupima kama ni jicho baya. Hayakuelea, yalizama.

"Umeuita mzimu, mwanangu? Saa hii?" akanong'ona. "Hili si jicho baya. Akina Lasalvia wa kweli walishikwa na tauni. Wenzao wakawafungia nje ya lango, wakaziba nyufa kwa chokaa. Wachungaji wa mifugo yao, babu zenu, ndio waliohamia nyumba hii, wakachukua na jina."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani angekuambia wewe, na bendera yako?"

Incoronata alitaka kumfukuza, alitaka kucheka, lakini harufu ya chokaa ilikuwa imezidi, na Donato alikuwa ameketi kitandani akitazama mlango, na nje, katika mtaa ambao saa ile haupitiwi hata na paka, mtoto alikohoa, mwingine akakohoa, kisha mkono mchovu ukabisha polepole.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke. "Hapa ni kwa nani?"

Incoronata akafungua mdomo kujibu, kama alivyojibu maisha yake yote, na hakupata jina la kusema.