Kikombe cha Asubuhi cha Khai

Nhan alifungua koki kidogo tu. Maji ya rangi ya kahawia yakaanza kudondoka kwenye ndoo. Ndani ya pipa kubwa la mbao kulikuwa na dagaa na chumvi, vimekaa pamoja tangu mwaka jana. Kila asubuhi maji yale hukingwa chini, hupandishwa ngazi, kisha humwagwa tena juu ya samaki ili yazidi kukolea, yawe sosi ya samaki ya kuuza.

Zamani ndoo zilikuwa kazi ya Khai, mume wake. Sasa moyo wake ulikuwa dhaifu. Tangu atoke hospitali alikaa kwenye kigoda, miguu imevimba, kandambili zikimbana, na kazi yake ikawa kutoa amri.

"Ndoo imejaa, mama. Au unasubiri ijibebe?"

"Zingekuwa zinajibeba, nisingeolewa na wewe."

Khai alicheka, akakohoa, akashika kifua. Nhan alimhurumia. Alikinga maji ya samaki kwenye kikombe kidogo, akampa kwa mikono miwili.

Pale Phan Thiet, mji wa pwani ya Vietnam, kila mwenye mapipa alijua kazi ya kikombe hicho. Mzamiaji hukinywa kabla ya kuingia kwenye maji baridi. Mbeba ndoo hukinywa kabla ya kubeba. Kinatia mwili joto na nguvu. Kwa kuwa Khai alikuwa mgonjwa, Nhan alimpa kimoja asubuhi na kingine jioni.

Khai alikunywa, akajifuta mdomo, akainuka kumshikia ngazi. Hakufika. Aliketi chini taratibu, uso umekuwa kama jivu.

"Moyo unarukaruka," alisema. "Kama samaki kwenye ndoo."

Nhan alipaza sauti juu ya ukuta kumwita Hoai, wa nyumba ya pili. Hoai alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa, na alikuwa nyumbani akianika nguo. Alikuja mikono ikiwa bado na maji, akashika kifundo cha mkono wa Khai, akayahesabu mapigo.

"Mapigo hayana mpangilio. Yanakimbia, yanasita, yanakimbia tena." Akabonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki. "Kaka Khai, dawa unameza?"

"Zote."

"Hata ile ya kuzuia damu isigande? Moyo ukienda hivi, damu huweza kuganda ndani yake, ikaleta kiharusi."

"Hata hiyo. Nimeoa askari."

"Na chumvi, dada Nhan?"

Nhan aliinua kidevu. Swali hilo alikuwa akilisubiri. "Chumvi niliitoa jikoni siku ileile aliyorudi. Kopo zima nilimpa jirani. Nenda kaangalie."

"Nakuamini. Na kikombe hiki?"

"Hayo ni maji ya samaki tu."

Hoai alikitazama kikombe, akalitazama pipa, kisha akayatazama magunia yaliyopangwa ukutani hadi karibu na paa. Nhan alifuata macho yake. Magunia yale aliyanunua mwenyewe, na yaliyotangulia aliyafungua kwa kisu chake mwenyewe na kuyamwaga pipani. Yote yalikuwa ya chumvi.

Alishika ngazi.

"Nimempa mimi," alisema. "Asubuhi na jioni. Kwa mkono wangu."

"Ulimpa kwa upendo," Hoai alisema. "Na mimi nilikwambia punguza chumvi, nikaondoka. Nilipaswa kukuuliza mnakula nini na mnakunywa nini. Sasa tuite gari."

Kwenye hospitali ya mkoa walimpunguza maji mwilini kwa dawa, na mapigo yakapungua kasi. Siku ya kutoka, daktari, msichana mwenye sauti ya upole, aliwaambia jambo lingine. Huko jijini Saigon kuna madaktari wanaopitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, kuanzia kwenye kinena hadi kwenye figo, kisha huunguza mishipa ya fahamu iliyouzunguka mshipa wa figo. Walikuwa wakitafuta wagonjwa kama Khai ili kuchunguza kama njia hiyo inawasaidia.

Nhan alisimama. "Daktari, mume wangu anaumwa moyo. Figo zake zimekosa nini hata zichomwe?"

"Hazichomwi zenyewe, mama. Ni mishipa midogo ya nje tu," daktari alisema. Simu ikamwita wodini, akaomba radhi na kuondoka.

Nhan alibaki amesimama na swali lake. Hoai, aliyekuja kuwachukua, alimketisha kwenye benchi.

"Moyo dhaifu hausukumi damu ya kutosha. Figo zikipata damu kidogo, hudhani mwili umekauka. Basi hupiga kelele kwa ubongo kupitia mishipa ile ya fahamu. Ubongo nao huamuru maji na chumvi visitoke, na moyo uongeze mbio. Moyo umeshachoka, bado unachapwa. Hali hiyo huchangia mapigo kuvurugika."

"Kama mimi," Khai alisema. "Nimechoka, na bado napigiwa kelele."

"Anayepiga kelele kwenye mapipa ni wewe," Nhan alisema.

"Matibabu hayo hupunguza kelele," Hoai aliendelea. "Baadhi ya wenye shinikizo la damu wameshatibiwa hivyo. Kwa moyo kama huu bado wanachunguza, na hakuna anayeweza kuwaahidi. Ulizeni faida, ulizeni hatari. Kukataa ni haki yenu. Na hata mkikubali, dawa zinaendelea, na kikombe hakirudi."

Nyumbani, Nhan alikiosha kikombe, akakifunika juu ya rafu. Kitoweo akakiunga kwa ndimu, tangawizi na pilipili. Khai alilalamika kwamba samaki wake anaonekana kama naye ametoka hospitali, lakini alimla. Kila asubuhi alipanda kwenye mizani. Uzito ukipanda ghafla, dalili kwamba maji yanarudi mwilini, Hoai aambiwe siku hiyohiyo. Kuonja maji ya pipa, kazi aliyoilinda maisha yake yote, akamwachia mke wake.

Mwezi ulipokwisha, kandambili zilikuwa zikimpwaya.

Asubuhi moja Khai aliifunga koki kabla kazi haijaisha.

"Bado ndoo nyingi," Nhan alisema.

"Ziache. Kesho alfajiri tuna basi la Saigon. Una maswali mangapi ya kuwauliza wale madaktari wa mrija?"

"Mengi. La kwanza, kama nawe unaweza kupunguzwa kelele."

Nhan alimshika kifundo cha mkono, kama Hoai alivyomfundisha. Mapigo yalikwenda, yakasita kidogo, yakaendelea. Aliendelea kuyasikiliza. Ndoo ilibaki chini ya pipa, ikiwa nusu.